Kicheko cha Aliyefungwa na Kicheko cha Anayetaraji

Mwaka 1948, katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Milford, jimbo la Surrey, kusini mwa Uingereza, walilazwa vijana wawili wasiojuana, Ray Galton na Alan Simpson. Na kwa kuwa zama zile dawa kubwa ya maradhi yale ilikuwa kitanda, hewa baridi na subira, walikaa humo muda mrefu wakisikiliza vichekesho vya redio, wakibishana ni kipi kilichokuwa kizuri na kipi kilichopwaya, hata mwisho wakaanza kujitungia vyao wenyewe na kuvitangaza kwa redio ndogo ya mle hospitalini. Sisemi kwamba kila walichokiandika baadaye kilizaliwa na maradhi yao, kwa maana kalamu ya mtu haina nasaba nyepesi namna hiyo. Walakini kila nikiutafakari mzaha wa televisheni ya Waingereza nashindwa kuwatoa vijana wale katika fikira zangu, watu wawili katika chumba kimoja, hawana pa kwenda, wanachekeshana ili siku ipite.

Wakapona, wakawa watunzi wa mchekeshaji Tony Hancock kwa miaka mingi, na Hancock alipoachana nao mwaka 1961, shirika la utangazaji la BBC likawapa fursa ambayo watunzi wengi huiota tu: waandike michezo kumi ya kuchekesha, kila mmoja ukijitegemea, wapendavyo wenyewe. Mmoja katika hiyo, uliorushwa Januari 1962 kwa jina la The Offer, ulikuwa na watu wawili, baba na mwanawe, wachuuzi wa vyuma chakavu na matambara katika kiunga cha Shepherd's Bush, magharibi mwa London, ambao hupita mitaani na gari lao la farasi wakikusanya vilivyotupwa na wenzao. Mwana, Harold, ni mtu mzima aliyekwisha kuupita umri wa kuitwa kijana. Amechoka na uchafu, amechoka na baba yake, na anasema amepata kazi kwingine. Anapakia vitu vyake vyote garini. Baba anamkatalia farasi. Harold anashika gari kwa mikono yake mwenyewe, anavuta, anasukuma, anavuta tena, na gari halisogei hata shubiri. Mwisho anaangua kilio, kilio cha kweli, na yule mzee aliyemnyima farasi anamshika taratibu na kumrudisha ndani ili akanywe chai.

Huo ndio uliokuwa mzaha. Watu waliupenda hata BBC ikataka uendelezwe, ukaitwa Steptoe and Son, ukadumu kwa vipindi hadi mwaka 1974. Na mwaka 1964, ulipokuwa umepangwa kurushwa usiku wa uchaguzi mkuu, Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, alihofu kwamba wafuasi wake wangekaa nyumbani kuutazama badala ya kwenda kupiga kura, akamlalamikia mkuu wa BBC, Hugh Greene, na mchezo ukasogezwa hadi saa za baadaye. Wilson akashinda kwa viti vichache mno. Walioigiza hawakuwa wachekeshaji wa majukwaa, bali waigizaji wa tamthilia: Harry H. Corbett alilelewa na kikundi cha Joan Littlewood, na Wilfrid Brambell, mtu wa Dublin, alimzidi "mwanawe" umri kwa miaka 13 tu, jambo ambalo nalitaja kwa sababu mtazamaji halikumbuki hata kidogo anapomwona mzee yule kibogoyo akikodoa macho mlangoni.

Tendo lile la gari lisilosogea naliona kuwa msingi wa mengi yaliyofuata. Mwingereza wa karne iliyopita, alipoketi mbele ya televisheni kutaka kucheka, aghalabu alipewa mtu aliyefungwa: amefungwa na baba, au na mke, au na hoteli, au na ofisi, na zaidi ya hayo yote amefungwa na daraja alimozaliwa, ambalo kila afumbuapo kinywa humfichua kwa lafudhi yake. Harold anasoma vitabu, anasikiliza muziki wa wakubwa, anahubiri ujamaa na kutamani suhuba ya watu waungwana. Na kila anapoikaribia dunia hiyo, baba yake, asiyeona haya kula vitunguu vya siki akiwa ndani ya karai la kuogea, humkumbusha kwa neno moja chafu alikotoka. Mtazamaji anacheka kwa sababu ana yakini kwamba Harold hatatoka, na yakini hiyo, ambayo katika tamthilia ya huzuni ingeliza, hapa inachekesha, labda kwa kuwa nusu ya watazamaji wenyewe nao walikuwa na gari lao lisilosogea.

Wamarekani waliuona mchezo huu mapema na wakautamani. Mwaka 1965 ilitengenezwa sehemu ya majaribio, Lee Tracy akiwa baba na Aldo Ray akiwa mwana, na haikurushwa kamwe. Nadhani sababu haiko mbali. Mmarekani mweupe wa miaka ile, mwenye afya na mikono miwili, aliyechoka na nyumba ya baba yake, katika hadithi ambazo taifa lake limejisimulia tangu mwanzo hufunga mzigo wake akashika njia ya magharibi, na chombo kikimgomea hununua kingine kwa mkopo. Huyu asiyeondoka ana nini? Watu wangemdhania mvivu, au mgonjwa wa akili, na hakuna kati ya hayo mawili linaloweza kubeba kicheko cha kila juma.

Ilibidi apatikane Mmarekani ambaye kuta zake ni za kweli. Mtayarishaji wa televisheni Norman Lear na mwenziwe Bud Yorkin walimpata Watts, mtaa wa kusini mwa Los Angeles ambao Agosti 1965 uliwaka moto kwa siku sita na watu 34 wakafa. Na tarehe 14 Januari 1972 kituo cha NBC kikaanza kurusha Sanford and Son, baba na mwana Weusi, wauza vyuma chakavu. Baba aliigizwa na Redd Foxx, mchekeshaji wa vilabu vya usiku na santuri za mizaha isiyosemeka mbele ya watoto, ambaye katika ujana wake alipata kuosha vyombo katika mkahawa mmoja wa Harlem pamoja na kijana ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Malcolm X. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Elroy Sanford, na ndugu yake aliitwa Fred. Basi Fred Sanford ni mtu ambaye Foxx alimpa jina la nyumbani kwao, na sijui zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo mwigizaji anaweza kumpa mhusika aliyetungwa na wageni wawili ng'ambo ya bahari.

Hivyo kuta za daraja zikabomolewa na mahali pake zikawekwa kuta za rangi. Yeyote aliyelipata wazo hilo alikuwa na jicho kali, kwa maana alitambua kwamba kitu kinachosafiri si kisa wala maneno bali ni kizuizi, na kwamba kila nchi ina vizuizi vyake inavyovijua bila kufundishwa. Sehemu za mwanzo zilichukuliwa moja kwa moja katika maandishi ya Galton na Simpson, zikabadilishwa kidogo tu, na bado zikasimama. Walakini baada ya muda mchezo ukaanza kwenda njia nyingine, polepole, pasipo mtu kutangaza. Mzee wa Shepherd's Bush anapougua, au anapojifanya kuugua, ugonjwa wake ni mnyororo, na unapomfunga mwanawe unaacha kovu. Fred wa Watts hushika kifua, hupepesuka, huinua macho mbinguni akamwambia marehemu mkewe Elizabeth kwamba sasa yuaja. Mwanawe Lamont anajua ni uongo, jirani anajua, mamilioni ya watazamaji wanajua na wanaungoja uongo huo kwa hamu kila juma. Wana gari la mizigo lenye injini, na linawaka. Hakuna anayemzuia Lamont kuondoka; anabaki kwa sababu anampenda baba yake, na kubaki kwa hiari si kifungo.

Walikuwako waliolalamika, na walikuwa na haki, kwamba mchezo wa watu Weusi ulikuwa mikononi mwa watunzi Weupe wengi mno. Foxx mwenyewe alilisema hilo, na watunzi Weusi Richard Pryor na Paul Mooney wakapata kuandika sehemu chache. Mwaka 1974 Foxx aligombana na wenye mchezo juu ya malipo akaondoka zake, nao wakaendelea bila yeye kwa kisingizio kwamba Fred amekwenda msibani St. Louis, hata akarejea kwa masharti mapya. Harold Steptoe asingalifanya hivyo katika miaka mia.

Sisi wa pwani hatuna sababu ya kustaajabia safari za namna hii. Abunuwasi wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Harun Rashid, bingwa wa mashairi ya mvinyo na mapenzi, mtu wa majumba ya wakubwa; alipovuka bahari akafika kwetu midomoni mwa wasimulizi, mvinyo ukasahauliwa na mashairi pia, akabaki fukara mwerevu anayemtoa sultani jasho na kumshinda tajiri mbele ya kadhi. Hakuna babu wala bibi aliyeomba radhi kwa kumgeuza. Yule wa asili alikuwa na haja na Baghdad, na huyu wa kwetu alikuwa na haja na watu waliokuwa na sultani wa kumcheka, tena kwa sauti ya chini.

Turudi kwa Lear, maana Sanford alikuwa mtoto wake wa pili. Wa kwanza alitokana na mchezo wa Johnny Speight, mtoto wa kuli wa bandarini kutoka mashariki mwa London, ulioitwa Till Death Us Do Part, ulioonekana kwanza mwaka 1965 na kuwa mfululizo mwaka uliofuata. Mhusika wake, Alf Garnett wa Wapping, ni fukara anayewasujudia mabwana wanaomkalia: anamtukuza malkia, anakipigia kura chama cha matajiri, anawatukana Weusi, Wayahudi, Wairishi na mkwewe mjamaa, na anafanya yote hayo akiwa katika nyumba iliyochakaa ambayo wale anaowatukuza hawangefuga mbwa ndani yake. Speight alisema alimchota kwa sehemu kwa baba yake. Lear alipopata habari za mchezo huo upande wa pili wa Atlantiki, naye alimkumbuka baba yake, Herman, aliyezoea kumwamuru mkewe afunge kinywa. Kwa hiyo wana wawili wasiojuana waliwaandika baba zao wawili, na katikati yao ukapita mkataba wa biashara. Nami nadhani mkataba peke yake usingalitosha. Kituo cha ABC kiligharimia sehemu mbili za majaribio na kuzikataa zote mbili. CBS kikathubutu, kikatanguliza tangazo la kuwatahadharisha watazamaji, na tarehe 12 Januari 1971 Archie Bunker wa Queens, New York, akaingia majumbani mwa watu kupitia All in the Family, akakaa kileleni mwa orodha ya michezo inayotazamwa zaidi kwa misimu mitano mfululizo.

Alf na Archie wana midomo inayofanana na roho zisizofanana. Alf hajifunzi. Amefungwa na ghadhabu yake kama Harold alivyofungwa na baba yake, na Warren Mitchell, aliyemwigiza, Myahudi wa siasa za kushoto na mpenzi wa Tottenham aliyelazimika kuvaa skafu ya West Ham, hakumwombea huruma hata mara moja. Archie, kwa uso wa Carroll O'Connor, uso mpana wenye uchovu wa mtu aliyefanya kazi mbili, huachwa mara kwa mara akiwa kimya baada ya kusema neno la upumbavu, na katika ukimya huo mtazamaji anaona kwamba kuna kitu kimemgusa, hata kama kesho atakikana. Fauka ya hayo, majirani zake Weusi, akina Jefferson, hawakubaki mtaani pale wakitukanwa: biashara yao ya kufua nguo ilistawi, na mwaka 1975 wakahamia ghorofa ya kifahari Manhattan na kupewa mchezo wao wenyewe. Hakuna aliyehama Wapping akapanda juu namna hiyo. Katika mchezo wa Marekani hata jirani ana rajua.

Kuna jambo moja katika habari za Archie ambalo wapenzi wa mzaha wenye mafunzo hawapendi kulizungumza. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Neil Vidmar na Milton Rokeach, walichapisha utafiti juu ya watazamaji wake nchini Marekani na Kanada, wakaonyesha kwamba wale waliokuwa na chuki za rangi hawakujiona wakichekwa. Walimwona Archie kuwa ndiye msema kweli na mkwewe kuwa ndiye mjinga. Uingereza nako Mitchell alipongezwa na watu walewale ambao mchezo ulikusudia kuwaaibisha. Tashtiti ni upanga unaomtegemea anayekatwa akubali kwamba amekatwa. Nayaleta haya kwa sababu mara nyingi twabishana ni nakala ipi kali zaidi, ya London au ya New York, ilhali mwenye chuki hakukwaruzwa na yoyote katika hizo mbili. Kiti cha Archie kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington, tangu mwaka 1978. Taifa linalokiweka kiti cha mtu mahali hapo limekwisha kumsamehe mwenyewe, na nina shaka kama lilikuwa na haki ya kusamehe kwa niaba ya wote aliowatukana.

Tafauti hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Zina hesabu ndani yake. BBC huendeshwa kwa ada ya leseni inayolipwa na nyumba zenye televisheni, kwa hiyo haikuwa na mfanyabiashara wa sabuni wa kumwogopa. Mtunzi mmoja au wawili waliandika sehemu sita, wakapumzika mwaka au zaidi, wakaandika sita nyingine, na walipoona wamemaliza waliacha. Kituo cha Marekani huuza dakika kwa wenye bidhaa. Kilihitaji sehemu ishirini na zaidi kwa msimu, chumba kizima cha watunzi wanaolipwa kwa juma, na tumaini la kufikia sehemu mia moja hivi, kwa kuwa hapo ndipo mchezo uliweza kuuzwa kwa vituo vidogo kote nchini na kurudiwa kila jioni kwa miaka. Mtu mwovu, au mtu aliyekata tamaa, waweza kumkaribisha sebuleni mara sita. Ukitaka kumkaribisha mara mia mbili, sharti awe mtu ambaye ungependa arudi.

Ndiyo maana Fawlty Towers iliwashinda Wamarekani. Mchezo huo wa John Cleese na Connie Booth una sehemu 12 tu, sita za mwaka 1975 na sita za mwaka 1979, nao ulitokana na mwenye hoteli mmoja wa mji wa pwani wa Torquay ambaye Cleese na wenzake walikutana naye mwaka 1970 na kuustaajabia ufidhuli wake. Wamarekani waliujaribu mara tatu: mwaka 1978 kwa sehemu moja ya majaribio, mwaka 1983 kwa jina la Amanda's, Bea Arthur akiwa mwenye hoteli, na mwaka 1999 kwa jina la Payne. Hakuna uliodumu. Husemwa kwamba hakuna awezaye kumwiga Cleese, mwili wake mrefu ukikunjamana kwa hasira, na hilo ni kweli, lakini naona tatizo lilikuwa chini zaidi. Katika sehemu ya kwanza kabisa Basil Fawlty anamnyenyekea mgeni anayejiita lodi, anawafukuza wengine mezani kwa ajili yake, kisha anagundua kwamba lodi ni mwizi. Hofu ya Basil ni hofu ya mtu aliyesimama katikati ya ngazi, anayewaonea walio chini na kutetemeka mbele ya walio juu. Mwenye hoteli wa California anaweza kuwa bahili, mkali, hata mwehu, lakini ni lodi yupi atakayemtetemesha? Waliondoa hofu wakabaki na kelele.

Safari ya kurudi haikuwa na heri zaidi. The Golden Girls, wanawake wanne wa makamo wanaoishi kwa raha chini ya jua la Miami, walihamishiwa Brighton mwaka 1993 kwa jina la Brighton Belles, na hawakumaliza muda wao; matumaini yale ya uzeeni, yakipigwa na upepo wa Brighton, yaligeuka kuwa utovu wa adabu. Na Wakenya waliokua katika miaka ya themanini wakitazama kituo cha taifa hawatanilaumu nikiutaja Mind Your Language, ule mchezo wa darasa la jioni la Kiingereza mjini London ambamo Mhindi, Mpakistani, Mchina, Mwitaliano na wengineo walikosea maneno juma baada ya juma pasipo kusonga mbele hata hatua. Kwao ulikatizwa mwaka 1979 kwa sababu ulionekana kuwadhihaki wageni. Kwetu ulipendwa kupita kiasi, na sisi ndio tuliodhihakiwa, jambo ambalo linahitaji makala yake. Wamarekani walipouchukua mwaka 1986, darasa la lugha likawa darasa la watu wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia. Haukudumu zaidi ya msimu mmoja. Lakini tazama walichokibadilisha: wanafunzi wa London hawana waendako, na wa Los Angeles wanakwenda kuapishwa.

Sasa The Office, ambao ndio mchezo wa namna hii unaojulikana zaidi kwa vijana wa leo, hata wengi hawajui kwamba ulikuwa na mzazi. Ricky Gervais na Stephen Merchant waliuanzisha BBC mwezi Julai 2001: kampuni ya karatasi, katika mji wa Slough, meneja aitwaye David Brent anayeamini kwamba watumishi wake wanamwona rafiki na mcheshi. Sehemu kumi na mbili, na mbili za Krismasi 2003. Hakuna vicheko vya hadhira, hakuna muziki wa kukuambia uhisi nini. Kuna kamera inayojifanya ya mtu mwingine, na Brent anayeitupia jicho kila amalizapo mzaha, kama ombaomba. Mwisho wa msimu wa pili, alipokwisha kuachishwa kazi, anawasihi wakubwa zake wasimfukuze, na takaburi yote inamwagika sakafuni. Sijapata kuona katika mchezo wa kuchekesha dakika ngumu kuliko hizo.

Greg Daniels alipouhamishia Scranton, Pennsylvania, kwa kituo cha NBC, mwezi Machi 2005, sehemu ya kwanza ilirudia maandishi ya Kiingereza karibu neno kwa neno, na haikupendwa. Steve Carell, aliyeigiza meneja mpya, Michael Scott, alikuwa amepewa ukatili wa Brent bila udongo uliouotesha. Msimu huo ulikuwa wa sehemu sita. Kisha watunzi wakafanya kazi ambayo naiheshimu: wakamwonyesha Michael Scott akiwa mkahawani na mteja, anapoteza muda wote kwa mizaha ya kipuuzi hata mkubwa wake anakata tamaa, na mwishowe anaipata biashara ile, kwa kuwa alikuwa anamjua mteja kuliko wote waliokuwapo. Yaani ni mpumbavu mwenye kipaji. Brent hakuwa na kipaji, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yake. Waliongeza pia wenzake wa ofisini, kila mmoja na maisha yake, na baadhi ya watunzi wenyewe, kama Mindy Kaling na B. J. Novak, wakaketi madawatini mbele ya kamera. Mchezo ukaenda misimu tisa, sehemu 201, na Michael hakufukuzwa. Mwaka 2011 aliondoka kwa hiari yake kumfuata mchumba wake Colorado.

Nikiulizwa ni upi bora nitasema wa Slough, na nitasema kwa haraka. Lakini nikiulizwa ni upi nimeutazama mara nyingi, jibu litanihukumu. Na kuna jambo linalonizuia nisijivune sana na hukumu yangu. Katika Slough alikuwako Tim, anayempenda Dawn, mpokea wageni aliyechumbiwa na mwingine, na kwa misimu miwili Waingereza walimfunga Tim kwa minyororo yao ya kawaida, hata alipothubutu kusema akakataliwa. Kisha katika dakika za mwisho za Krismasi ile Dawn anarudi, pasipo maneno, na wanakumbatiana. Gervais na Merchant, baada ya ukali wote ule, walifungua mlango. Walijua kwamba wakishaufungua lazima wazime taa na waende zao, wala hawakumtazamisha mtu yeyote Tim na Dawn wakilipa kodi ya nyumba.

Wamarekani waliufungua mlango huohuo katikati ya njia. Jim na Pam, ndio Tim na Dawn wa Scranton, walioana Niagara mwaka 2009, ofisi nzima ikicheza kanisani, na mchezo ukawa na miaka minne mbele yake na wapenzi wawili waliokwisha kupata walichokitaka. Watunzi walifanya nini? Msimu wa mwisho wakamtuma Jim kwenda Philadelphia kuanzisha kampuni ya wanamichezo, mke akabaki Scranton na watoto, simu zikawa fupi, sauti zikapanda, na watazamaji waliolia kwa furaha kanisani wakaandika barua za ghadhabu kana kwamba wamevunjiwa nyumba zao wenyewe. Mtu aliyezoea Steptoe anaweza kuona hapo kitu anachokijua vyema, mke na mume kila mmoja akivuta gari upande wake. Walakini ilikuwa Marekani, na mkataba una masharti yake. Katika sehemu ya mwisho, Mei 2013, nyumba inauzwa, na Jim na Pam wanahamia Austin, Texas, ambako kampuni nayo imehamia.